Usilionee Haya Jina la Mkalafati

Wanangu wa Masalani, juzi barazani nilimsikia kijana mmoja akisema hatakwenda Garissa kwa mjomba wake. Mjomba ana karakana ya kuchomelea vyuma; anaunda milango, madirisha na matangi ya kubebea maji kwenye malori, na kazi imemzidi hata anatafuta mtu wa kumsaidia. Kijana amemaliza kidato cha nne. Cheti kiko kabatini kwa mama yake, na yeye yuko chini ya mwarobaini na simu yake. Alipoulizwa sababu alijibu kwa neno moja la Kisomali: tumal. Wenzake wakacheka. Sikusema kitu pale, maana mzee akimkemea kijana mbele ya rika lake huwa anajisemea mwenyewe. Lakini nililala nalo.

Kwa msomaji asiye wa huku, tumal ni mhunzi. Kwa mila ya zamani ya Wasomali, aliyefua chuma alikaa pembeni: watu walimhitaji, walimlipa, lakini hawakumwoza binti wala hawakuoa kwake. Siku hizi hakuna anayetangaza hivyo hadharani. Linasemwa kama mzaha, na mzaha huo ndio unaomweka kijana chini ya mwarobaini.

Mimi si Msomali. Nilizaliwa Mbajuni, nikaja huku na biashara ya ng'onda, nikaoa, nikazeeka. Wajukuu zangu wananiita awoowe na wanakicheka Kisomali changu. Basi niwieni radhi nikianza na neno la kwetu pwani kabla ya kurudi kwenye hilo la kwenu. Neno ni kalafati.

Chombo cha mbao, kiwe mashua, dau au jahazi, ni mbao nyingi zilizopangwa ubavu kwa ubavu juu ya mataruma. Kila ubao unapokutana na mwenziwe pana mshono, na hakuna fundi, hata awe bingwa wa Matondoni, awezaye kuziranda mbao mbili zikakutana maji yasipite. Kinachozuia maji ni kile kinachotiwa katikati. Hicho ndicho kalafati, na kukitia ni kukalafati, na mwenye kazi hiyo ni mkalafati. Ndiye niliyekuwa mimi ujanani.

Kazi hiyo nilifundishwa hapo hapo Matondoni, kisiwani Lamu. Msimu wake ulikuwa kusi ikichacha, bahari imefungwa, vyombo vimepandishwa pwani kwa maji ya bamvua na kuegemezwa kwa magadi kulia na kushoto. Siku ya kwanza hutii kitu. Unatoa. Unapita na chuma kilichopindwa ncha, unachokonoa mshono mpaka kalafati ya mwaka jana itoke yote, nyeusi, imeoza, inanuka ngama. Wanafunzi wote tuliichukia siku hiyo, kwa sababu ikifika jioni chombo kinaonekana kibovu kuliko kilivyoletwa, na mwenyewe akipita anakutazama kama vile umemwibia.

Baada ya hapo ni pamba. Unaisokota juu ya paja iwe utambi mrefu, unene wake kadiri ya upana wa mshono ule ulio mbele yako, usije ukaupimia mshono wa jirani. Unaichovya kwenye mafuta ya nazi au kwenye sifa. Sifa ninayosema hapa ni mafuta yanayotoka kwenye maini ya papa, na harufu yake hukaa nguoni tangu Idi hadi Idi. Ndiyo sifa pekee ambayo mkalafati alikuwa na hakika ya kuipata.

Utambi unalazwa mshononi na kusukumwa kwa patasi butu na nyundo ya mti, na hapo ndipo ufundi ulipo. Ukipiga kidogo, pamba inakaa juu juu na bahari inaitema wiki ya kwanza. Ukipiga kupita kiasi umeharibu zaidi: mbao zikiingia majini zinafura, zikikosa nafasi zinasukumana, misumari inalegea kwenye mataruma, na wewe uliyetaka kuziba tundu umefungua ubavu mzima. Kiasi chake hakipimwi kwa macho. Mwalimu wangu aliketi upande wa pili wa chombo, hatuoni, akitafuna tambuu yake, na alimwita kwa jina mwanafunzi aliyekosea kwa kusikia nyundo tu. Mshono ambao haujashiba huitika kwa sauti nzito, yenye mwangwi. Ulioshiba huitika kavu na fupi. Baada ya misimu kadhaa nami nikaanza kuisikia tofauti hiyo, na tangu hapo masikio yangu hayajapata kukaa kimya mtu akipigilia kitu.

Juu ya pamba unajaza chokaa iliyokandwa kwa mafuta, na sehemu itakayokaa chini ya maji unaipaka deheni, yaani shahamu na chokaa. Mshono mgumu kuliko yote ni ule wa kwanza kutoka mkuku. Unalala chali kwenye matope, maji yameanza kujaa, deheni inakudondokea machoni. Ulikuwa wa wanafunzi huo. Nahodha mwangalifu alimimina maji ndani ya chombo kikiwa bado kimekauka pwani, akazunguka nje akitafuta tone, na tone likionekana karibu na mkuku mnajua nani aliitwa.

Chombo kikishushwa, watu humpongeza aliyekiunda, humpongeza nahodha, humpongeza hata aliyechonga macho na nakshi. Mkalafati hatajwi. Anatajwa siku maji yakiwa magotini.

Neno lenyewe limesafiri kuliko mimi. Wareno wana calafate, ndiye mtu wa kazi hiyo, na merikebu zao zilizotia nanga Mombasa mwaka 1498 zisingefika bila watu wa namna hiyo. Wahispania, Wataliano, Wafaransa na Waturuki wote wanalo, kila mmoja amelikunja kidogo kwa ulimi wake. Waarabu wana qalfata, na wana qallaf. Lilianzia wapi? Wataalamu hawajapatana. Wapo wanaolifunga kwenye neno la Kilatini la kupasha moto, kwa kuwa lami hupashwa moto kabla ya kumiminwa mshononi. Wapo wanaolirudisha kwenye Kiarabu qalafa, kubambua ganda la mti, kwa kuwa maganda na nyuzi zake zilikuwa vitu vya kuzibia tangu zamani. Mimi naegemea kwenye ganda, na sababu yangu nitaitoa mbele. Kama sisi Waswahili tulilipokea kwa Mwarabu au kwa Mreno, hapo sigombani na mtu. Bandari haina kawaida ya kutoa risiti kwa maneno. Huko kusini kabisa mwa Argentina limefika pia, mpaka likawa jina la kichaka cha miiba chenye matunda meusi, na mji mzima, El Calafate, ukaitwa kwa jina la kichaka hicho.

Mshono lakini ni mkongwe kuliko jina. Kabla ya misumari babu zetu walikishona chombo, kamba ya usumba ikipita kwenye matundu ya mbao, na hicho ndicho mtepe. Myunani mmoja aliyeandika mwongozo wa Bahari ya Hindi katika karne ya kwanza aliitaja bandari ya pwani hii iliyoitwa Rhapta, akaeleza kwamba jina hilo lilitokana na vyombo vya kushonwa. Mitepe ilitoweka baharini mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 2003 mafundi waliunda mmoja tena Zanzibar, uwekwe katika jumba la Beit el Ajaib, watoto wauone.

Lakini kisa hasa nilichotaka kuwapa ni cha miji miwili.

Mwaka 1041 mji wa Constantinople, ambao leo ni Istanbul, ulipata mfalme aliyeitwa Mikaeli wa Tano. Baba yake, Stefano, alianza maisha kwenye viwanja vya merikebu akipaka lami na kuziba mishono, mpaka shemeji yake alipopata ufalme, naye akapandishwa akawa amiri wa merikebu za vita. Mji haukusahau. Ukambandika mtoto jina Kalaphates, yaani mkalafati, na ndivyo vitabu vinavyomwita hadi leo. Michael Psellos, mwanachuoni wa ikulu wa zama zile, aliandika habari za Stefano kwa dharau isiyofichika. Malkia Zoe ndiye aliyemfanya kijana huyo mwanawe; kijana alipokalia kiti akamhamishia kisiwani na kumtia utawani. Mji ukalipuka. Aprili 1042, hata nusu mwaka haijatimia, aling'olewa akapofushwa macho. Watu walimwondoa kwa kumgeuka mama aliyemfanya mwanawe, na hilo ni haki yake. Pamba ya baba yake haikuhusika. Hata hivyo, walipotafuta jina la kumdhalilisha nalo, walichagua la kazi halali, wakati merikebu zilizoulinda mji wao zilielea kwa mikono ya akina Stefano.

Sasa twende Kuwait. Kabla mafuta hayajaanza kupakiwa mwaka 1946, Kuwait iliishi kwa lulu na kwa safari. Vyombo vyake vilikuja na kaskazi Lamu, Mombasa, Zanzibar mpaka Rufiji kuchukua boriti za mikoko, maana kwao hakuna mti wa kuezekea nyumba. Wazee wangu waliwauzia boriti hizo. Kule, anayeunda chombo anaitwa qallaf. Ni lile lile neno, ila halikubaki kwa mtu wa pamba peke yake. Lilipanda likamfunika fundi mzima, mwenye kupima, kukata, kuranda na kuunda. Mkuu wao anaitwa ustadh. Na ziko jamaa hadi leo zinazojiita Al-Qallaf. Jina liko kwenye pasipoti, liko juu ya milango ya maduka, limeingia hata bungeni.

Kwa nini neno moja likawa tusi huku na heshima kule? Nimelifikiria hili sana, na jibu langu ni kwamba Constantinople walioandika vitabu walikuwa watu wa ikulu, ambao hawajawahi kufua maji usiku kwa zamu. Kuwait karibu kila nyumba ilikuwa na mtu baharini. Mama aliyempeleka mwanawe kupiga mbizi alijua jina la aliyekalafati chombo kile, na alimwombea dua. Dharau kwa kazi ya mikono humjia mtu asiyejua maisha yake yameshikiliwa na nini.

Nasi watu wa Masalani ni watu wa msikiti, kwa hiyo nizungumze na hilo. Nabii Nuhu alipokuwa akiunda safina, wakuu wa kaumu yake walimdhihaki kila walipompitia. Iko katika Surat Hud. Katika Surat al-Qamar safina hiyo haikutajwa kwa jina lake. Imetajwa kwa mbao zake na vile vilivyozishika mbao. Wafasiri wengi wamesema ni misumari, wengine wamesema ni kamba za kushonea, na Mbajuni akilisikia hilo la kamba hutabasamu ndani kwa ndani. Kisha kuna kile chombo cha maskini alichokitoboa Khidhr mbele ya Nabii Musa ili kisije kuporwa na mfalme. Katika Bukhari wapokezi wametofautiana lile tundu lilizibwa kwa kitu gani baadaye, na wapo waliosema ni lami. Hebu fikirini: wanazuoni walijali kutuhifadhia kilichotumika kuziba chombo cha maskini, na sisi tunaona haya kushika bomba la silikoni.

Na Nabii Daud? Chuma kililainishwa mikononi mwake, akaunda deraya. Alikuwa Nabii na mfalme, na alikula kwa kazi ya mkono wake. Nabii Zakaria alikuwa seremala. Anayesema tumal akacheka, na ajiulize Daud alikuwa akifanya nini na kile chuma.

Mila iliyomtenga mhunzi ni ya watu, haina aya. Nilipoisikia mara ya kwanza nilimuuliza mzee mmoja, mwenye ng'ombe wengi, kisu alichochinjia alikipata wapi, na shoka alilokatia boma, na sururu iliyochimba kisima wanachonyweshea. Alikaa kimya, akanikaribisha chai. Hakunijibu mpaka leo, amekwisha kufariki, Mungu amrehemu. Wala dharau hii haikuishia kwa mhunzi. Jirani zetu wa msituni, wale ambao ramani inawaita Boni, wao wenyewe hujiita Waaweer. Hilo la Boni inasemwa limetoka kwenye Kisomali boon, mtu duni, asiye na mifugo, anayeishi kwa kuwinda na kurina asali. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, wakaacha upinde, lakini jina likabaki limewakaa mgongoni. Mjue hivyo mnapolitamka.

Niliahidi kutoa sababu ya kuegemea kwenye ganda. Nilipohamia huku nilidhani kalafati nimeiacha pwani. Mwaka ule wa kwanza nilimkuta mama mkwe wangu akisuka dhiil, kile chombo cha maziwa. Alikuwa na lundo la maganda aliyoyabambua, ameyaloweka, anayapondaponda na kuchambua nyuzi, kisha anasuka kwa kuzungusha, kila mzunguko ameukaza kwa ncha ya chuma mpaka vidole vikawa vyeupe. Nikauliza, kwa ujinga wa fundi anayejua: maziwa hayatapita hapo? Akanitazama kwa huruma. Kilipokwisha alitia ndani kijinga chenye moto cha mti anaoujua yeye, akafunika, akatikisa, akamwaga, akarudia. Moshi na mafuta ya maziwa vikaingia kwenye kila kitundu. Chombo hicho kilibebwa juu ya ngamia na hakikudondosha tone, na maziwa yake yalikuwa na ladha ya moshi ambayo sasa siwezi kunywa chai bila hiyo. Kubambua ganda la mti, kuzuia kitu cha maji kisipite: wanawake wa huku kwetu Ijara ni wakalafati tangu enzi, ila hakuna aliyewatungia jina la ukoo.

Upande wa pili wa Mto Tana, Wapokomo wana mtumbwi wa gogo moja, wa mkuyu au mwembe. Hauna mshono, lakini una ufa. Mtumbwi ukiachwa juani kiangazi unapasuka kichwani na mkiani, ndiyo maana mwenye akili huuzamisha ukingoni kuliko kuuanika. Ukishapasuka utaona kipande cha bati kimepigiliwa misumari, chini yake kitambaa chenye lami. Msiudharau mto. Mwisho wa Aprili 2024, barabara ya Garissa imefunikwa na mafuriko, watu walivuka kwa mashua pale Kona Punda, Madogo, na mashua moja ikapinduka usiku, wakafa watu. Siku hizo ndipo kila mtu alipokumbuka kuuliza chombo hiki ni cha nani na kiko katika hali gani.

Mpaka hapa nimepiga hadithi. Nasaha yenyewe ni hii.

Nenda kwa mjomba. Ukifika usiharakie kile kitakachoonekana. Mtazame kijana anayeziba pancha pale wanaposimama bodaboda: kabla ya kubandika chochote anaitoa tyubu yote, anaitia majini kutafuta povu, anaikausha, anaikwaruza mahali penyewe mpaka pawe pakavu na pakali, anapaka solusheni, kisha anangoja. Kule kungoja ndiko kunakomtofautisha na mwenzake anayebandika kiraka juu ya kiraka, ambaye wateja wake hurudi wakisukuma pikipiki. Chuma nacho ni hivyo hivyo. Kutu na rangi ya zamani vitoke kwanza ndipo uchomelee. Mteja hatakushukuru kwa saa uliyotumia kukwaruza, na wakati mwingine atakulalamikia. Kwaruza.

Utafundishwa na wenzako methali moja, nayo ni tamu mdomoni: kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Mali inayomwagika ni ya tajiri, mzigo unaopungua ni wangu. Nimeiona ikifanya kazi kwenye mjengo, mifuko ya saruji ikipasuka kwa makusudi, fito za kuchomelea zikipotea moja moja. Ile ya ufa na ukuta mliimba darasani, siirudii. Hii ya pakacha nairudia kwa sababu hamkufundishwa shuleni, mtafundishwa kazini. Mchukuzi anayefurahia pakacha linalovuja hatapewa pakacha la pili.

Usizidishe nyundo pia. Kuna vijana wa aina nyingine, wenye bidii ya kutisha, wanaotaka kwa miezi sita wawe wameshamzidi mwalimu. Wanafanya kazi usiku, wanakubali kila mteja, wanaahidi Alhamisi kile ambacho wanajua hakitakuwa tayari mpaka wiki ijayo. Mteja wa Masalani anaweza kuvumilia bei, anaweza kuvumilia hata mlango uliopinda kidogo. Uongo wa siku havumilii, na atausimulia msikitini, sokoni, na kwenye matatu ya Garissa. Ukiwa hujui siku, sema hujui siku.

Ukishashika kazi, tafuta karatasi yake. NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, hufanya mitihani ya ufundi ya Daraja la Tatu, la Pili na la Kwanza, na anayejua kazi kwa mikono anaruhusiwa kuifanya hata kama hakuketi chuoni. Mwenye uwezo wa kuketi, Garissa kuna North Eastern National Polytechnic. Nawaambia hili kwa sababu barabara ya kutoka Lamu kupita Ijara hadi Garissa haitajengwa na kukarabatiwa na watu wa hapa kama watu wa hapa hawana karatasi. Watakuja wengine na karatasi zao, nasi tutawauzia chai.

Na nyinyi wazazi, msidhani mmeponea. Kijana haoni haya kwa sababu ya chuma. Anaona haya kwa sababu anajua siku atakapopeleka posa, kuna baraza itakayouliza anafanya nini, na jibu la "anachomelea" litafuatwa na kimya. Aliye na ngamia watatu na madeni sita ataozwa mbele yake. Mimi nilipewa mke hapa mikono yangu ikinuka sifa, kwa sababu baba mkwe wangu aliuliza maswali mawili tu, kama naswali na kama nalipa madeni. Mkiendelea kuwanyima mafundi binti zenu, msimlaumu kijana akichagua mwarobaini. Nyinyi ndio mmemtandikia mkeka pale.

Mabinti nao waachiwe njia. Dhiil inauzwa Nairobi kama pambo la ukutani kwa bei ambayo bibi zao wasingeiamini, na anayeisuka kweli kweli, ya kubeba maziwa, anazidi kuwa nadra. Binti aketi na ayeeyo, bibi yake, mwaka huu huu, akiwa na vidole vyepesi. Kuitazama kwenye simu hakutoshi, kwa maana simu haikuonyeshi nguvu ya kukaza.

Kabla ya mvua za masika kuna mitumbwi miwili ng'ambo ya mto inayonisubiri, mmoja umepasuka kutoka mkiani karibu robo ya urefu wake. Macho yangu yamepungua na siwezi tena kulala chali kwenye matope, lakini masikio yapo. Anayetaka kujifunza aje baada ya swala ya alfajiri, Jumamosi, na nyundo yake ya mti. Pamba na lami ni juu yangu. Malipo ya mwenye mtumbwi tutagawana sawa, na siku ya kwanza, nawaambia mapema, ni ya kuchokonoa tu.